Wakuu, tuna milioni 9 na kidogo: tujenge matundu ya vyoo au tuvute maji shuleni?

MzeeWaMbuga
Habari zenu wakuu. Mi ni mwenyekiti wa kamati ya shule, shule ya msingi ya kijijini huku wilaya ya Igunga, Tabora, jina la shule naliacha maana mambo yenyewe hayajafika pazuri na sitaki kumchomea mtu. Naomba ushauri wa watu wanaojua, sio wa kunipa moyo tu.

Iko hivi. Shule ina wanafunzi 1,140, wasichana 612 wavulana 528, pamoja na awali. Matundu ya vyoo yapo 14, saba saba, ila kwa wavulana mawili yametitia masika iliyopita tukayaziba kwa miba watoto wasije wakatumbukia, kwahiyo wanatumia matano. Mwongozo wa serikali unasema tundu moja wasichana 20, wavulana 25. Nilipiga hesabu usiku nikaona tunatakiwa matundu 53 nikafunga daftari nikalala.

Sasa vijana wa kijiji walioko Dar na Mwanza wamejichanga kwenye grupu lao la WhatsApp wametuma milioni 9.4. Hela ipo kwenye akaunti ya shule, risiti zipo. Nusu ya kamati pamoja na mtendaji wanataka tujenge matundu mapya, wanasema mkaguzi akija kitu cha kwanza anauliza ni "matundu mangapi", hajawahi kuuliza ndoo. Mi naona maji kwanza, maana shule haina bomba, kituo cha kuchotea cha jumuiya ya watumia maji kiko kama kilomita moja na robo, watoto wanakuja na madumu ya lita 5 kila Jumatatu na Alhamisi, na kiangazi kituo kikikauka wanaenda kuchota lamboni, lambo hilohilo ng'ombe wanakunywa. Mwalimu mkuu amekaa katikati, anasema "kamati muamue", yaani kanitupia mimi.

Hela haitoshi vyote viwili. Nyie mngeanza na nini?

TichaWaZamani
Mzee shikamoo. Nimefundisha shule za msingi miaka 27, tisa kati ya hiyo nikiwa mwalimu wa afya, kwahiyo hili ninalijua kwa pua sio kwa kusoma.

Kabla ya kuamua, kaa na saa yako siku moja wakati wa mapumziko. Mapumziko ya saa nne ni dakika 30. Wasichana 612 kwa matundu saba ni kama 87 kila tundu. Hata kila mtoto akitumia dakika moja tu (na msichana hatumii dakika moja, kuna kufungua kuna kufunga, na mlango kama upo), foleni inaisha dakika ya 87. Kengele imeshalia zamani. Kwahiyo watoto wengi hawaendi kabisa, na mtoto akishajua hataenda anafanya kitu ambacho sisi walimu hatukioni: anaacha kunywa maji tangu asubuhi. Saa saba jua la Tabora, hajanywa, hajala, kichwa kinamgonga, we uko ubaoni unafundisha hesabu za sehemu unasema darasa hili ni la vilaza. Nimeyasema hayo maneno mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, leo naona aibu.

Waliobaki wanaenda porini. Na wale wa awali wanajisaidia nyuma ya darasa maana tundu la wakubwa wanaliogopa, wanaona watadumbukia, na wala hawakosei, Afrika Kusini mwaka 2014 kuna mtoto wa miaka mitano alifia kwenye choo cha shimo cha shule huko Limpopo.

Kitu kimoja cha bei nafuu ambacho kamati nyingi wanakisahau: sehemu ya mkojo ya wavulana. Ukuta wa kujikinga, mfereji wa saruji wenye mteremko, shimo dogo la mawe la kunywesha mkojo ardhini, basi. Wavulana wengi saa nne wanataka kukojoa tu, mkiwatoa kwenye foleni yale matano yanapumua. Hiyo haifiki hata milioni moja mkitumia mchanga na mawe ya wananchi.

Maji sijayasema, nawaachia wengine.

fundi_bloku
Mwenyekiti uko Igunga, udongo ni mbuga, si ndio? Basi ndo maana yale mawili yametitia, na mkijenga mengine kama yale yatatitia tu. Mbuga masika inavimba kiangazi inapasuka, ukuta wa shimo uliojengwa kwa tofali za tope au ulioachwa wazi bila kujengewa hauchukui miaka mitatu. Shimo lijengwe kwa bloku toka chini mpaka juu, bloku za chini ziachiwe nafasi za kunywesha, na juu mkanda wa zege wenye nondo ndo slabu ikae. Na kwenye mbuga msichimbe chini sana, inueni. Choo cha kupanda ngazi mbili tatu, maji ya mvua yasiingie shimoni. Ngazi nazo muweke mteremko pembeni kwa mtoto mwenye ulemavu, hili linasahaulika halafu linakuja kubomolewa.

Jambo la pili, asije mtu akawashawishi vyoo vya kuvuta maji na septiki. Mbuga hainywi maji. Septiki itajaa mtakuwa mnaita gari la kunyonya toka mjini kila baada ya miezi, nani analipa? Tengenezeni choo cha shimo kilichoboreshwa, chenye bomba la hewa la inchi nne limetoka juu ya paa, juu lifungwe wavu. Hiki choo kilibuniwa Zimbabwe miaka ya 70 na kinafanya kazi kwa akili tu: upepo unavuta harufu kupitia bombani, inzi anafuata mwanga wa juu ya bomba ananasa kwenye wavu. Ila sharti ndani kuwe na giza giza, ukiacha madirisha makubwa inzi anatokea mlangoni, kazi bure. Sasa hapo kuna mgogoro na alichosema ticha, watoto wadogo wanaogopa giza. Wa awali wajengewe chao, tundu dogo, ukuta mfupi, wavumilie inzi.

Bei? Tundu moja la namna hiyo, kwa fosi akaunti (shule inanunua vifaa na kumlipa fundi yenyewe) na wananchi wakisomba mchanga na maji, mimi sishiki kazi chini ya milioni 1.2. Kwahiyo 9.4 yako ni matundu saba na vichenji. Kutoka 12 yanayotumika mpaka 19, na unatakiwa 53. Ongeza maji ya kuchanganyia zege mtayatoa wapi hapo shuleni nacheka tu.

BintiKahama
Mi nimesoma shule kama hiyo, sio mbali na hapo. Darasa la sita nilikuwa nafunga sweta kiunoni siku nne kila mwezi, kiangazi, joto. Kila mtu alijua maana ya sweta kiunoni. Mwalimu wa hisabati alikuwa na tabia ya kuita watu ubaoni na siku hizo nilikuwa nakataa kusimama, nachapwa kwa kiburi, nakubali kuchapwa. Kwenye rejista nipo, nimehudhuria, tiki.

Choo kilikuwepo jamani, vyoo vinane, vipya, vimepakwa rangi. Milango ilikuwa na komeo kwa nje tu!! Sijui fundi gani alifikiria nini. Na maji hamna. Sasa we msichana utabadilisha kitambaa wapi na utanawa na nini, utakitupa wapi, ukitupa shimoni mwalimu wa zamu anatangaza paredi. Kwahiyo mzee matundu hata yakiwa 53 bila maji na bila komeo la ndani kwa msichana wa darasa la sita ni sawa na kituo cha basi.

Ombi langu, katika hiyo 9.4 tenga chumba kimoja tu, mlango unaofungwa kwa ndani, ndoo ya koki, sabuni, ndoo yenye mfuniko ya kutupia na sehemu ya kuchomea nyuma. Na mwalimu wa kike awe na pedi za akiba kwenye kabati. Msitegemee zitashuka bei, serikali iliondoa VAT kwenye pedi 2018, 2019 ikairudisha ikasema wauzaji hawakupunguza bei. Dukani kwetu sisi wala hatukujua kama iliondoka.

Mchunguzi_K
Naheshimu aliyoandika dada hapo juu ila naomba tusijidanganye kwenye hii hoja ya "wasichana wanakosa shule sababu ya hedhi". Kuna utafiti ulifanyika Nepal, wasichana waligawiwa vikombe vya hedhi wengine hawakupewa, mahudhurio hayakutofautiana, na kabla ya hapo wala walikuwa hawakosi sana kwa sababu hiyo. Mzee akichukua rejista yake ya darasa la tano mpaka la saba aangalie siku za utoro, mi naweka dau ataona siku ya mnada na msimu wa kulima mpunga, wavulana kwa wasichana. Umaskini na kazi za nyumbani ndo vinatoa watoto shule. Choo ni haki ya binadamu, kijengwe kwa sababu hiyo, sio kwa kuahidiana ufaulu utapanda.

BintiKahama
@Mchunguzi_K umesoma nilichoandika? Nimesema NILIKUWEPO. Tiki kwenye rejista. Nilichokosa ni hisabati.

Mchunguzi_K
Sawa dada, hapo umenibana. Rejista haioni hilo.

NyarSiaya
Habari kutoka Kenya. Niko Siaya, mimi ni katibu wa bodi ya shule ya msingi huku. Huu mjadala wenu sisi tumeupitia na huku kwetu Nyanza walifanya utafiti mkubwa kabisa kwa shule za msingi, matokeo yalitoka 2012. Shule zingine walipewa dawa ya kutibu maji na mafunzo ya kunawa mikono, zingine zikaongezewa vyoo juu yake, zingine hazikupewa kitu. Kwa wavulana hakuna kilichobadilika. Kwa wasichana, kwenye maeneo mawili ambayo hayakuguswa na vurugu za baada ya uchaguzi, uwezekano wa kukosa shule ulishuka kwa asilimia 58 pale walipopewa maji ya dawa na kunawa tu, na walioongezewa vyoo walikuwa karibu pale pale. Yaani vyoo havikuongeza sana juu ya maji. Hapo mwenyekiti unaona upande wako una nguvu.

Lakini ngoja, kuna ile nyingine ilinishtua zaidi. Walipima mikono ya watoto kutafuta vijidudu vya kinyesi, na kwa shule zilizojengewa vyoo vipya wasichana walikuwa na mikono michafu KULIKO shule ambazo hazikujengewa. Ukifikiria ni rahisi, choo kikiwa kipya watoto wanakitumia zaidi, lakini hakuna karatasi, hakuna sabuni, hakuna mtu wa kuosha, kila mmoja anashika ukuta uleule. Kwani tulijenga choo ama tulijenga mahali pa kuambukizana?

Mambo mawili tuliyojifunza kwa uchungu. Moja, sabuni ya mche inaibiwa ama inaliwa na kunguru, sijui kunguru wanaipendea nini. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, tia vijiko kadhaa vya sabuni ya unga, jaza maji, toboa kifuniko na msumari, funga na kamba kwa bomba. Matone kidogo yanatosha, na hakuna mtu ataiba maji ya sabuni. Mbili, wateuliwe watoto wa klabu ya afya kujaza na waangaliwe, na isiwe ni adhabu. Kwetu kuosha choo ilikuwa ni adhabu ya waliochelewa, na unajua nani anachelewa, ni yule msichana aliyetumwa mtoni alfajiri. Tukaacha. Sasa tunalipa mama mmoja anaosha mara mbili kwa siku na pesa ndogo kutoka kwa wazazi.

Mlalahoi1
Sasa wakuu hili nalo ni la kuuliza? Kodi tunalipa. Elimu bila malipo tumeambiwa toka Januari 2016, watoto wakamiminika shuleni, vizuri, madarasa yakajaa, vyoo vikabaki vilevile vya enzi za Mwalimu Nyerere. Halafu 2018 Magufuli akapiga marufuku michango, wakuu wa shule wakaogopa hata kuomba ufagio. Leo vijana wanajichanga milioni tisa kwa WhatsApp na serikali itakuja kuzindua na utepe. Mwenyekiti rudisha hela kwa vijana nenda kakae ofisi ya mkurugenzi.

TichaWaZamani
Mlalahoi hoja yako ina ukweli lakini mtoto wa darasa la kwanza anabanwa leo saa nne, hasubiri bajeti. Afanye yote mawili, akae ofisini na ajenge.

Na mzee, hilo lambo ulilolitaja. Usilipite juu juu. Umeshawauliza watoto wangapi wanakojoa damu? Malambo ya kanda yetu yana kichocho, konokono wapo, na mtoto hashiki ugonjwa kwa kunywa tu, anashika kwa kusimama miguu peku ndani akijaza dumu. Kwahiyo shule inamtuma mtoto akalete maji ya kunawa kwa ajili ya usafi, anarudi na kichocho, halafu mwezi ujao tunampanga foleni apewe dawa ya kichocho na minyoo, halafu Jumatatu tunamtuma lamboni tena. Wakati wa masomo, tena. Hesabu na hiyo, kilomita moja na robo kwenda na nyingine kama hiyo kurudi, na foleni ya kituoni, kipindi cha kwanza na cha pili vimekwenda. Mara mbili kwa wiki.

fundi_bloku
Kuna mtu atakuja kumwambia avune maji ya mvua, niwahi. Paa la madarasa mawili, tuseme mita 20 kwa 9, mvua ya huko kwenu milimita 700, mkitoa inayopotea mnapata kama lita laki moja kwa mwaka. Inaonekana nyingi eeh. Ila inakuja miezi mitano sita halafu basi, na tanki la lita 10,000 kwa watoto 1,140 kila mmoja akitumia nusu lita tu ya kunawa ni siku 17. Kwahiyo gata ni msaada, sio suluhisho. Tanki ni zuri kama akiba ya siku maji ya bomba yakikatika, ndo kazi yake.

MzeeWaMbuga
Wakuu asanteni sana, nimesoma yote, nimesoma na mengine kwa mke wangu akanyamaza kwenye lile la sweta.

Leo ni siku ya nne toka niweke uzi, nimefanya yafuatayo. Nimekaa na saa kama ticha alivyosema. Wasichana walioingia chooni dakika zote 30 ni 143, nilihesabu mwenyewe nikiwa chini ya mwembe nikajifanya nasoma gazeti. Waliobaki sijui walienda wapi, wengine niliwaona wakielekea kwenye mihogo ya mwalimu.

Rejista nimeangalia pia. @Mchunguzi_K, siku ya mnada wamekosa wengi kweli, jinsia zote, dau umeshinda. Lakini Alhamisi sio mnada na kuna shimo kubwa la wasichana wa la sita na la saba. Nikauliza. Alhamisi ni siku ya madumu. Wenye dumu lililotoboka hawaji kabisa, wanaogopa fimbo ya mlango wa ofisi.

Nikaenda kwa wale wa jumuiya ya maji. Wanasema kuunga shule inawezekana, tank lao la kijiji liko juu kidogo kuliko shule kwahiyo maji yatateremka yenyewe bila mashine, ila RUWASA (wakala wa maji vijijini) waje wapime kwanza, na bomba tununue sisi, mtaro wachimbe wananchi. Kuhusu kukauka kiangazi wanasema ni pampu ilikuwa mbovu, imeshabadilishwa, nitaamini Oktoba. Bei ndoo ni shilingi 50. Nusu lita kwa kila mtoto ni ndoo 28 na nusu kwa siku, kwa siku 194 za masomo inakuja laki mbili na elfu 76. Wakinywa na kuosha vyoo, lita tano kila mtoto, ni karibu milioni 2.8. Ruzuku ya serikali ni elfu 10 kwa mtoto kwa mwaka na katika hiyo elfu 4 inabaki huko juu serikalini kwa ajili ya vitabu, kwahiyo inayotufikia inakaribia milioni 6.8 kama ikija yote, na hiyo ndo chaki, mitihani, ukarabati, kila kitu. Hapo ndo nilikwama. Bomba nitavuta, bili je? Mtendaji anasema wazazi walipe, nimemwambia aandike yeye barua kwa mkuu wa wilaya ya kuomba kibali, kanyamaza.

Kwa sasa mpango ninaoupeleka kikao cha Jumamosi: bomba na koki nane, sehemu ya mkojo ya wavulana, kile chumba cha wasichana cha binti wa Kahama, na vyoo vya wasichana vyote saba vifungwe makomeo ya ndani. Matundu mapya mawili tu ya awali, kama hela itabaki. Madumu yafutwe siku maji yakitoka.

BintiKahama
Afadhali mzee. Swali moja, walimu wanatumia choo gani?

MzeeWaMbuga
Wana chao, viwili, kimoja kina tanki dogo juu, watoto ndo wanalijaza. Kina kufuli.

BintiKahama
Haya. Kwenye hizo ndoo 28 na nusu umehesabu na za tanki hilo?

MzeeWaMbuga
Sijahesabu. Na mpaka unauliza hapa nilikuwa sijawahi kujiuliza yale madumu ya Jumatatu yanaishia wapi. Ngoja Jumatatu nirudi chini ya mwembe.